Mkunga wa Nyumba ya Mayai

Trauti ni samaki mwenye nongwa. Mpe maji ya uvuguvugu, atakufa. Mpe maji yaliyotuama, atakufa. Mpe maji ya tope, atakufa na macho kayatoa kama anayekulaumu. Anachotaka yeye ni maji ya mlimani, yale ya kukugandisha vidole ukinawa, tena yawe yanakimbia mchana kutwa bila kupumzika. Ndiyo maana kituo cha kuwatotolesha kilijengwa huko juu kwenye baridi, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingejenga hata banda la kuku. Nguo zikianikwa leo huanuliwa keshokutwa, na bado mbichi.

Kituoni hapo alikuwapo mama mmoja mjane, mnene kiasi, mwenye sweta mbili mwilini na ulimi mkali. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limelala kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Mkunga, ingawa hakuwahi kumzalisha mwanamke hata mmoja. Aliowazalisha ni samaki. Msimu ukifika, alimshika jike la trauti kwa kitambaa, akamkamua tumbo taratibu kwa kidole gumba, na mayai yakatiririka ndani ya beseni kavu, yana rangi ya chungwa lililoiva. Kisha akamkamua dume juu yake, akakoroga kwa unyoya wa kuku. Kwa unyoya, si kwa kijiko, na ole wako ukoroge kwa kijiko mbele yake.

Mayai yakishalala kwenye trei, ndani ya mifereji ya saruji inayopitisha maji gizani, ndipo ulipoanza ukimya. Yai changa la trauti halitaki kutikiswa. Ukilitikisa linakufa, na halikwambii kwamba limekufa mpaka kesho yake au kesho kutwa, linapogeuka jeupe kama chokaa. Basi Mkunga alining'iniza gunia mlangoni mwa nyumba ya mayai, na gunia likiwa pale hakuna aliyeruhusiwa kubamiza mlango, kubiringisha pipa wala kupiga chafya kwa nguvu. Hata Meneja, mtu mzima na kitambi chake, alipita pale kwa ncha za vidole vya miguu.

Ukimya uliisha macho yalipoonekana. Ndani ya kila yai hutokea nukta mbili nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, nazo ndizo macho ya kifaranga. Kuanzia hapo yai limekomaa, linavumilia mengi. Kazi ya kuyaona macho hayo ilikuwa ya Mkunga peke yake. Kila asubuhi alichota yai moja, akatoka nalo mlangoni, akaliinua kwenye mwanga. Siku alipoyaona, aliling'oa gunia na kupaza sauti, "Wameniona!" Hapo Mlishaji, mzee wa vichekesho aliyewalisha samaki wakubwa, alipiga debe lake, watu wakacheka na kuanza tena kusema kwa sauti zao za kawaida. Kisha Mkunga akayashtua mayai. Aliyamimina kutoka kwenye trei hadi kwenye ndoo ya maji, tena toka juu kidogo, makusudi, ili yale yasiyo na mimba yageuke meupe ayaokote na kuyatupa. Yenye macho hayadhuriki kwa kushtuliwa. Yasiyo na macho bado, ukiyashtua, umeyaua yote.

Sasa tuje kwenye macho ya Mkunga mwenyewe. Yalianza kuingia ukungu tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mwanzoni alidhani ni ukungu wa mlima, maana huko si kitu cha ajabu. Alipogundua kwamba ukungu huo unamfuata hadi chumbani, akanyamaza. Kipimajoto cha maji kina mstari mwembamba. Aliposhindwa kuusoma akaanza kutumbukiza mkono majini na kukadiria. Sindano alimpa jirani amtungie uzi, akisingizia vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Alijua fika kwamba hospitali ipo huko chini na kwamba macho ya namna ile yanatibika. Lakini kwenda hospitali ni kusema, na akisema, ataulizwa tangu lini. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi cha kazi, na kiburi cha kazi kina ubaya wake: kwa nje kinafanana mno na bidii.

Hakuwa na mtoto. Duniani alikuwa na vitu viwili, kazi ile na mtoto wa kaka yake. Kaka alipofariki alimchukua kijana huyo, akamlea, akamwombea kazi kituoni. Alipewa kulinda mahali maji yanapotoka mtoni na kuingia kwenye mfereji wa kituo. Hapo pana wavu wa nondo, na kazi yake ilikuwa kukaa na reki ndefu akiondoa majani, vijiti na takataka zote zinazokuja na mto. Kazi yenyewe ukiiangalia ni ya kipuuzi, lakini wavu ukiziba, kituo kizima kimekata roho. Wakamwita Mfereji. Alikuwa mtu mpole, mwenye mke na mtoto mchanga, wakiishi katika nyumba ya kituo yenye chumba kimoja na paa linalovuja upande wa kitanda.

Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi na maji yalikuwa baridi kupita kawaida. Maji yakiwa baridi zaidi, mayai nayo huchelewa. Kipimajoto kingemwambia hayo Mkunga, lakini yeye na kipimajoto walikuwa hawasemezani. Alihesabu kwa mazoea, na kwa mazoea macho yalitakiwa yawe yameshatoka. Isitoshe, kituo kingine kilikuwa kinasubiri kugawiwa mayai, na kila asubuhi Meneja alikuwa akichungulia na kunong'ona, "Mama Mkunga, bado hawajakuona tu?"

"Wataniona wakitaka," Mkunga alimjibu. "Hawajui kama wewe una haraka."

Jumatatu asubuhi alitoka mlangoni na yai lake, akaliinua kwenye mwanga. Aliona rangi ya chungwa, na ndani yake aliona, au alitaka kuona, vivuli viwili. Akaligeuza, akakodoa. Nyuma yake Meneja alikuwa amesimama akipuliza viganja kwa baridi, akimchungulia begani. Mkunga akashika gunia, akaling'oa. "Wameniona!"

Debe likapigwa. Siku ile nzima aliyashtua mayai, trei moja baada ya nyingine, isipokuwa trei ya mwisho kabisa, kule maji yanakoishia. Mbao zake zilikuwa zimevimba ikakwama kwenye kingo zake, naye mgongo ulikuwa umeshaanza kumlalamikia. Akaiacha, akijiambia ataitoa siku nyingine.

Jumanne mchana ilinyesha mvua ya hasira. Mfereji alikuwa kwenye wavu wake na reki yake aliposikia mkewe anamwita kutoka chini. Maji yalikuwa yanadondokea kitandani, mtoto analia, na mke peke yake hafikii paa. Mfereji akautazama wavu, akauona safi, akateremka mbio. Alitandaza turubai, akaweka mawe juu, akarudi mbio. Kwa muda huo mfupi mto ulikuwa umeleta majani ya mlima mzima. Wavu ulikuwa umeziba, na maji kwenye mfereji yamebaki kijimkondo cha kunawia uso. Alivuta reki mpaka mikono ikamchubuka, maji yakarudi. Akaenda mwenyewe kumwambia Meneja, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Jumatano mayai yakaanza kuwa meupe. Alhamisi trei zote zilikuwa kama mtu amemwaga mchele. Meneja alisimama katikati ya nyumba ya mayai, mikono kichwani, akasema neno moja tu, "Maji." Hakuna aliyebisha. Wavu ulikuwa umeziba Jumanne, mayai yamekufa Jumatano; hata mtoto wa chekechea angeunganisha hayo mawili. Mfereji aliitwa, akasimama mbele ya wenzake, akalia bila kujificha uso.

"Ni mimi," alisema. "Niliuacha wavu. Shangazi, nisamehe. Kazi yako yote ya msimu nimeimwaga."

Mkunga alimshika bega. Wakati huo, wallahi, hakujua. Alikuwa na kijishaka, kidogo sana, kama jiwe kwenye kiatu, lakini wote walisema maji, na yeye akaona raha kusema maji.

Alijua Ijumaa. Alikuwa peke yake akikusanya mayai yaliyokufa, akayajaza kwenye ndoo, mpaka akafika mwisho wa mfereji kwenye ile trei iliyokwama. Akainua kifuniko. Alitegemea weupe. Alichokiona, hata kwa macho yake yale mabovu, ni rangi ya chungwa tupu, trei nzima. Akatumbukiza mkono, akapapasa kwa upole mno. Yalikuwa magumu, mazima, hai.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Trei ile ilikuwa ya mwisho. Maji yanapopungua, yenyewe ndiyo inayopata mabaki. Kama ni maji yaliyoua, trei hiyo ingekuwa ya kwanza kufa. Ilikuwa hai kwa sababu moja tu: mikono yake haikuifikia. Aliyeua mayai ni yule aliyeyashtua kabla hayajawa na macho, naye alikuwa amekaa pale juu ya ndoo, ana sweta mbili, anatetemeka.

Ungedhani angesimama pale pale akakimbia kwa Meneja. Na yeye alidhani hivyo. Alisimama, akatembea hadi mlangoni, akaona wenzake wanateta nje kwa sauti za chini kama wako msibani, akarudi ndani na kukirudisha kifuniko. Alijiambia ni vizuri asubiri akili itulie. Alijiambia hawatamfukuza kijana, watamkaripia tu, naye bado ana nguvu, akikaripiwa hafi. Yeye je, akiambiwa haoni, ataenda wapi? Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na sauti nzuri. Usiyaamini maneno ya mtu anayejisemesha peke yake huku amefunga mlango.

Jumamosi Mfereji alimletea mzigo wa kuni. Aliupasua mwenyewe, akaupanga ukutani, akakataa chai.

"Chai yako siistahili, Shangazi."

"Acha upuuzi, kaa unywe."

"Kila nikifumba macho naona mayai meupe." Alisimama mlangoni akizungushazungusha kofia. "Wewe umeyakamua moja moja. Mimi kazi yangu ni reki tu, nayo imenishinda."

Mkunga alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, angelitema tu. Badala yake akasema, "Kuni ni mbichi kidogo, lakini zitafaa." Kijana alipoondoka, alizitazama kuni zile mpaka machozi yakamtoka, akazionea aibu kama zimemsikia. Alimimina chai yote nje. Usingizi ulimpa mgongo, chakula kikawa kama anatafuna nyasi. Alimpenda yule kijana kuliko nafsi yake, ndivyo alivyosema siku zote, na sasa alikuwa anapimwa kwa maneno yake mwenyewe na mizani inamcheka.

Jumatatu akasikia kwamba mke wa Mfereji ameondoka na mtoto. "Ameenda kupumzika kwa mama yake," Mfereji alisema, akitazama chini. Mkunga hakuuliza zaidi. Kuna wakati mtu haulizi kwa sababu anajua jibu lina anwani yake.

Jumanne Meneja alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kubanwa na wakubwa zake, na aliyebanwa naye lazima ambane mtu. "Nimejitahidi, Mama," alisema. "Lakini juu wanataka mtu. Mfereji kesho anarudisha vifaa, na nyumba aiache mwisho wa mwezi. Nimeona nikwambie wewe kwanza, wewe ndiye mzazi wake."

Kwa hiyo kijana amemwaga unga. Mkunga alitoka ofisini bila kuaga. Alipita kwenye mabwawa ya samaki wakubwa, nao wakamfuata ukingoni wakidhani ana chakula. Sasa hapakuwa tena na "watamkaripia tu" pa kujificha.

Jumatano asubuhi Mfereji alikuwa ofisini na buti zake za mpira mkononi, reki imeegemezwa ukutani, Mlishaji naye yupo, amekuja kumuaga. Mkunga aliingia bila kubisha hodi.

"Mayai niliyaua mimi," alisema.

Meneja akashusha pumzi, akatabasamu kwa huzuni. "Mama Mkunga, mapenzi yako kwa huyu kijana tunayajua."

"Sisemi mapenzi. Nasema mayai."

"Shangazi ndiye shangazi," Mlishaji akasema, akifuta macho kwa kofia. "Kujitoa hivi! Wangapi wangeweza? Mimi shangazi yangu asingenitolea hata kiberiti."

Wakaanza kumsifu. Yaani alikuja kuvuliwa nguo, wao wakamvika kanzu mpya! Alisifiwa moyo wake, ulezi wake, msimu wote aliosimama kwenye baridi. Kila sifa ilimchoma mahali pake. Alipiga mguu sakafuni. "Nyie watu hamsikii? Twendeni nyumba ya mayai."

Wakaenda. Mlangoni hapakuwa na gunia. Aliwaongoza hadi mwisho wa mfereji wa saruji, akainua kifuniko cha ile trei. Meneja akawasha tochi, akainama, akakaa ameinama kwa muda mrefu.

"Haya yana macho," alisema.

"Hii sikuishtua. Ilikwama. Zile nyingine nilizishtua macho hayajatoka. Maji ni yale yale, tena hii ndiyo iliyopata kidogo kuliko zote. Mfereji hakuua hata yai moja."

Walimgeukia Mfereji, wakitegemea atarukaruka. Lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyetukanwa. "Si kweli," alisema. "Ni bahati tu ya hii trei. Shangazi amekaa na mayai tangu mimi sijazaliwa. Hawezi kukosea macho. Anasema hivi kuniokoa."

"Mwanangu, nakwambia..."

"Hapana!" Hakuwahi kumpandishia sauti maishani mwake. "Ni maji. Lazima iwe ni maji. Mimi niliuacha wavu kwa sababu niliitwa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa." Alichota yai moja kutoka kwenye trei kwa kijiko, akampa. "Haya. Nenda mlangoni kama siku zote. Hili lina macho au halina?"

Mkunga alikwenda mlangoni. Aliliinua yai kwenye mwanga. Aliona rangi ya chungwa, na ukungu. Alikuwa amekuja kusema kweli, lakini mdomo una mazoea yake, na mdomo ukatangulia.

"Lina," akasema.

Meneja alisogea, akaangalia. Mlishaji akaangalia. Mfereji akaja mwisho. Yai lilikuwa angavu kama ushanga, halina nukta yoyote ndani yake. Lilikuwa moja ya yale yasiyoshika mimba. Hakuna aliyecheka. Mlishaji alivua kofia aliyokwisha kuivua, akabaki anajipapasa kichwa.

"Huoni," Mfereji alisema polepole.

"Sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hii trei uliijua lini?"

Hapo ndipo alipotaka ardhi ipasuke. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi, nani angejua? "Ijumaa," akasema. "Ijumaa iliyopita."

Mfereji alimpokea kijiko na yai lake, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na yeye. "Ijumaa mke wangu alikuwa bado nyumbani," alisema. "Aliondoka Jumapili. Hakwenda kupumzika, Shangazi. Nilimfukuza. Nilimwambia yeye ndiye aliyeniita kutoka kwenye wavu. Nilimwambia angejikaza na mtoto wake kidogo tu, kazi yangu isingekuwa hatarini. Nilimwambia na mengine." Akatazama buti alizozishika. "Jumamosi nilipokuletea kuni nilikuwa sijamwambia bado. Nilikuja kwako nikitaka uniambie kitu, sijui kitu gani. Ukaniambia kuni ni mbichi."

Akatoka nje. Meneja alijikohoza, akasema kazi ya Mfereji ipo, nyumba ipo, na kuhusu macho ya Mama watazungumza kwa wakati wake. Mkunga hakumsikia vizuri. Alikuwa anazisikia kuni zikipangwa ukutani.

Alimfuata Mfereji hadi kwenye wavu. Alikuwa amesharudi kazini, anavuta reki ingawa hapakuwa na majani ya kuvuta.

"Nitaenda mimi kwa mkeo," aliuambia mgongo wake.

"Nenda," alijibu bila kugeuka. "Mimi nikienda hatafungua mlango. Na akifungua, sijui nitaanza na neno gani."

Nyumba ya mama yake yule mke iko chini, mahali penye joto, ambako sweta mbili ni kichekesho. Mkunga aliteremka kwa miguu na fimbo, akipapasa njia, akijikwaa kwenye mawe ambayo zamani angeyaruka. Kila alipopishana na mtu alisalimia kwanza, ili asije akampita mtu anayemfahamu bila kumjua. Alipofika alikuta kivuli cha mwanamke uani, anafua kwenye beseni.

"Hodi hapa."

"Karibu, Shangazi." Sauti ilikuwa na adabu, lakini mikono haikuacha kufua. "Kama umetumwa, utanisamehe. Sirudi."

"Sijatumwa. Nimejileta." Hakukaa. Aliona akikaa ataletewa maji, na akiletewa maji ataanza kuzungumzia maji. Alisema yote akiwa wima: ukungu wa macho, vivuli viwili, gunia, trei iliyokwama, Ijumaa. Ijumaa aliisema mara mbili, isije ikapita bila kusikika. "Si wewe uliyemwita aache wavu na mayai yakafa. Mayai yalishakufa tangu Jumatatu, tumeyatazama tu hatujui. Ungemwita au usingemwita, yangekufa vile vile. Mumeo alikubebesha mzigo wangu. Na mimi nilijua ni wangu kabla hujafungasha nguo."

Mke wa Mfereji aliacha kufua. Povu lilisikika likipasukapasuka kwenye beseni. Mkunga alisubiri atukanwe, na alikuwa tayari, hata angeshukuru. Lakini yule mwanamke aliketi chini kwenye udongo, hapo hapo palipolowa.

"Mimi nilishaamini," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Nimekaa hapa nikijiambia ni kweli, mimi ndiye niliyemponza mume wangu. Na mtu akishalaumiwa, Shangazi, na yeye anatafuta wa kumlaumu. Mimi ningemlaumu nani? Mvua?" Alifuta pua kwa mkono wenye sabuni. "Juzi mtoto alilia sana, tumbo linamsumbua. Nikamwambia, ni wewe na kelele zako, ungenyamaza siku ile baba yako asingeingia matatani. Nikamfinya. Kwa nguvu. Mtoto wa miezi minne, hajui hata mto ni nini."

Mkunga akaegemea fimbo yake. Alikuwa ameyahesabu madhara yake njia nzima alipokuwa akiteremka: mayai, kijana, ndoa ya watu. Alidhani amefika mwisho wa hesabu.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Mke wa Mfereji aliingia ndani, akarudi na mtoto amelala begani. Aliketi naye kwenye kigoda, akamfunua paja. "Hapa," alisema. "Doa limeshaanza kufifia. Unaliona?"

Mkunga aliinama. Aliinama mpaka akanusa maziwa na poda na joto la mtoto. Mbele yake palikuwa na weusi laini, na ukungu.

"Silioni," akasema. "Nionyeshe kwa mkono."

Mke wa Mfereji akamshika kidole, akakiweka pale.